Tembea na Fimbo Mbili, Kila Mtu kwa Nguvu Zake

Wachunga ng'ombe wetu wa Shinyanga hutembea na fimbo moja. Huko Finland watu hufanya mazoezi kwa kutembea na fimbo mbili. Mikono na mabega husaidia miguu, moyo hufanya kazi zaidi, na mwenye magoti dhaifu hupata pa kujishikilia.

Fimbo iwe na urefu ambao ukiishika, kiwiko hukunjika kama kona ya meza.

Tunashauri kikundi kigawanyike. Wanaoanza na wazee watembee dakika 10 kwenye tambarare. Waliozoea, dakika 30 kwa siku 5 za wiki. Wenye nguvu wapande vilima. Kipimo kwa waliozoea ni hiki: uweze kuongea, lakini usiweze kuimba.

Ndugu zetu wachimbaji wa Geita, vumbi la mawe huharibu mapafu polepole. Mwenye kikohozi cha wiki mbili, au anayehema akitembea tambarare, apimwe kwanza mapafu na kifua kikuu. Mwili wenye misuli unaweza kuficha kifua kigonjwa. Kuanza na wazee si aibu.

Mwenye shinikizo la damu asiache dawa kwa sababu anatembea.