Kura kwa Njia ya Posta (2): Mikono Kati ya Mpigakura na Sanduku

Unapotajwa wizi wa kura za posta, wengi huwaza karatasi bandia au saini za marehemu. Ushahidi uliofika mbele ya vyombo vya uchaguzi unaelekeza kwingine. Hatari kubwa iko katika safari fupi kati ya meza ya mpigakura na sanduku la posta, ambako hakuna msimamizi wala wakala wa chama. Mwaka 2018, katika eneo la 9 la Bunge huko North Carolina, Marekani, Mark Harris wa Republican alimwongoza Dan McCready wa Democratic kwa kura 905. Takwimu za wilaya ya Bladen zikazua maswali. Waliojiandikisha kama Republican walikuwa takriban asilimia 19 tu ya waliorudisha kura za posta, ilhali Harris alipata asilimia 61 ya kura hizo. Ili afike hapo, angehitaji karibu wote wasio na chama, na baadhi ya Democratic pia. Mashahidi wakaeleza kuwa vibarua wa wakala mmoja wa kampeni walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya kura, jambo linalokatazwa na sheria, na mmoja akakiri kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Februari 2019 bodi ya uchaguzi iliamuru uchaguzi urudiwe. Karatasi zile zilikuwa halali na wenyewe walikuwa hai, kwa hiyo kukagua saini peke yake kusingetosha kuugundua uovu huo.

Watetezi wa posta watajibu kwamba Bladen ni kisa cha nadra, na kwamba wahusika walinaswa. Wana hoja. Wananchi wa jimbo la Oregon, Marekani, waliamua mwaka 1998 kupiga kura kwa posta, na udanganyifu uliothibitishwa huko ni mdogo mno. Madai kwamba uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2020 uliibwa kwa njia hiyo nayo yaligonga mwamba mahakamani. Lakini Bladen iligundulika kwa sababu kura nyingi zilipita mikononi mwa wachache na kuacha alama katika hesabu. Mume anayemsimamia mkewe akijaza karatasi, au mwajiri anayetaka kuiona kabla haijafungwa, haachi alama yoyote. Kituturi humlinda mpigakura dhidi ya watu wake wa karibu, na bahasha haiwezi kazi hiyo.

Hata pasipo wizi, uzembe unatosha kuvuruga mambo. Julai 2016 Mahakama ya Katiba ya Austria ilifuta duru ya pili ya uchaguzi wa rais kwa kuwa baadhi ya bahasha za posta zilifunguliwa kabla ya wakati au na wasioruhusiwa. Haikuthibitika kwamba kura zilichezewa, ila zilizoguswa na kasoro zilikuwa 77,926, na tofauti ya wagombea 30,863 tu.

Kuifuta kura ya posta kungewanyima haki wagonjwa na walio mbali. Lililo muhimu ni kupunguza mikono. Sheria ya Uingereza ya 2022 iliwazuia wanakampeni kushika kura za posta za watu wengine, ikaweka na kikomo cha kura ambazo mtu mmoja anaweza kuwasilisha. Shinikizo la nyumbani, hata hivyo, halina dawa ya kisheria iliyo kamili. Kwa hiyo posta iwe msaada kwa asiyeweza kufika kituoni, isiwe mbadala wa kituo. Sehemu ijayo itaipima kura ya intaneti kwa kigezo hicho hicho.