Sura ya Saba: Bei ya Kiti

Chukua wanafunzi 200 wanaoingia mwaka wa kwanza katika shule ya sheria ya Marekani. Wapange kwa alama zao za LSAT, mtihani wa kuingilia ambao alama zake huanzia 120 hadi 180, kisha mtazame aliyesimama katikati ya mstari. Alama yake ndiyo shule itakayoitangaza. Walioko mkiani, hata wawe na alama ndogo kiasi gani, hawaishushi. Wala bingwa aliyetangulia wote haipandishi peke yake. Kama alama ya katikati ni 166, basi kwa hesabu hiyo mwenye 168 na mwenye 178 wana uzito uleule: wote wawili wako upande wa juu.

Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini shule iko tayari kupatana bei na wewe. Jarida la U.S. News & World Report lilianza kuzipanga shule za sheria kwa ubora mwaka 1987, na alama ya katikati ikawa miongoni mwa vigezo vyake. Mwaka 2022 Yale na Harvard zilitangaza kwamba hazitalipelekea tena takwimu. Jarida likapunguza uzito wa kigezo hicho, lakini halikukifuta. Sokoni tumezoea muuzaji anayetaka fedha za mnunuzi. Hapa muuzaji anamtaka mnunuzi mwenyewe, tena yuko radhi kumlipia.

Kinachoitwa skolashipu, basi, mara nyingi ni punguzo la ada. Hakuna mfuko unaofunguliwa. Ni kwamba shule haikudai sehemu ya karo, na pengo hilo huzibwa na wanaolipa bei kamili. Profesa Brian Tamanaha aliulalamikia utaratibu huu katika kitabu chake Failing Law Schools cha mwaka 2012: wanaoelekea kupata kipato kidogo baada ya masomo ndio wanaowalipia wanaoelekea kupata kikubwa. Nakubaliana naye. Na bado nasema omba, kwa maana ukinyamaza utakuwa mmoja wa wanaolipia wenzao.

Kabla ya kuandika barua, soma takwimu. Kanuni ya 509 ya Chama cha Wanasheria wa Marekani, ABA, inailazimisha kila shule iliyoidhinishwa kuchapisha kila mwaka alama za wanafunzi wake, ada, na wangapi wamepewa punguzo la chini ya nusu ya ada, la nusu au zaidi, la ada yote, au zaidi ya ada yote. Hapo utajiona ulipo. Ukiwa juu ya alama ya katikati, una sauti. Ukiwa chini yake, sauti yako ni ndogo, isipokuwa wastani wako wa chuo kikuu ni mkubwa, maana nao una alama yake ya katikati.

Barua yenyewe iwe fupi. Shukuru kwa kupokelewa, sema kwa nini unaipenda shule ile, ambatisha barua ya punguzo kutoka shule nyingine ya daraja hilohilo au la juu kidogo, kisha taja kiasi. Usiseme “naomba mniongezee”. Sema ni dola ngapi kwa mwaka. Vitisho havisaidii, na uongo kuhusu barua usiyonayo unaweza kukupotezea nafasi. Kwa Harvard na Stanford, ambazo misaada yao hufuata uhitaji, barua ya shule nyingine haina nguvu hiyo. Huko peleka ushahidi kwamba hali ya nyumbani imebadilika, kama mzazi kupoteza kazi au kuugua. Na aliyeomba mapema kwa ahadi ya kwenda akikubaliwa amekwisha kuitupa silaha yake.

Kuna jambo ambalo mimi ningelidai kabla ya dola moja zaidi: masharti yaondolewe. Baadhi ya shule hutoa punguzo kwa sharti kwamba ubaki na wastani fulani, ilhali alama za mwaka wa kwanza hugawiwa kwa mgao uliopangwa, kiasi kwamba ni lazima wengine waanguke chini ya kiwango hicho hata kama wote wamesoma. Shule zenye masharti haya hutakiwa kuchapisha ni wangapi walipoteza punguzo lao. Tafuta namba hiyo.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeongeza uzito wa barua hii. Kuanzia 1 Julai 2026 mkopo wa serikali ulioziba gharama zote umefungwa kwa wakopaji wapya, na mwanafunzi wa sheria amewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, wakati ada peke yake katika shule kadhaa kubwa inapita 70,000.

Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kwa viza ya mwanafunzi hapati mkopo huo kabisa. Benki binafsi kwa kawaida humtaka mdhamini mkazi wa Marekani, na shule haitoi fomu ya viza bila uthibitisho wa fedha za mwaka wa kwanza. Tena aliyemaliza shahada ya sheria Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kawaida huenda kusoma LL.M., shahada ya uzamili ya sheria ya mwaka mmoja, na wanafunzi wa LL.M. hawamo katika ule mstari wa alama. Kwa hiyo ana kidogo cha kupatania. Swali lake kwa ofisi ya udahili ni kama kuna punguzo lililoachwa na waliokwenda kwingine, na aliulize baada ya tarehe za kulipia amana ya nafasi kupita.