Kalemie: Mulinzi wa vitabu mwenye anapima ziwa

Tulienda Kalemie juu ya habari ya bei ya ndakala. Wasomaji wetu wa Lubumbashi walikuwa wanatuuliza mara mingi: sababu gani samaki wadogo wa Tanganyika wanazidi tu kupanda bei? Tukapata siku tatu, kalamu moja na karatasi ya maulizo.

Siku ya pili mvua ilianza kunyesha mbele jua litoke. Mitumbwi ilichelewa kurudia. Wamama wauzaji wa samaki wakafunika vikapu vyao na plastiki, na sisi tukakimbilia veranda ya kwanza yenye tuliona. Mulango ulikuwa wazi. Ndani mulikuwa rafu sita za vitabu, meza mbili, ndoo mbili za kupokea maji yenye kutonya ku mabati, na muzee mumoja wa miwani mwenye alikuwa anashona kitabu na sindano ya kushonea magunia. Akatuangalia juu ya miwani yake.

«Karibuni. Mukitaka kusoma, mukae. Mukiwa munakimbia mvua, mukae vilevile. Lakini viatu vya matope vinabakia inje.»

Tukavua viatu. Tulifikiri tutakaa nusu saa. Tulitoka kule mangaribi, na habari ya ndakala ilikuwa imegeuka habari ingine.

Ile ni maktaba ndogo ya parokia, na muzee ndiye anailinda. Alifundisha masomo ya msingi miaka mingi. Alipopumuzika kazi, padri alimuomba aangalie vitabu kusudi panya wasivimalize. Mushahara hakuna. Kuko tu mama wa parokia mwenye anamuletea bukari saa ya muchana, na vijana wenye wanakuja kumusaidia kuhamisha rafu kila mara maji yanapoingia.

Kule kila mutu anakuja na shida yake. Mwanafunzi wa chuo anatafuta maneno ya kitabu chake cha mwisho wa masomo. Mama anataka asomewe barua yenye imetoka ku biro ya leta, kwa sababu Kifaransa cha leta hata wenye kusoma kinawachosha. Siku ile tulikuta mama mumoja amekuja kuuliza namna ya kupima soda katika sabuni ya mawese, kwa maana sabuni yake ilikuwa inachoma mikono ya wateja. Muzee hakujua. Akamuambia: «Mama, rudia kesho. Usiku huu nitauliza.»

Kuuliza kwake ni ku intaneti. Binti yake wa Lubumbashi alimutumia ordinatere ya zamani, pano ya jua inamupa moto kidogo, na telefone yake inamupa intaneti. Ananunua mega za usiku kwa sababu ni za bei ndogo. Wakati muji umelala, muzee anaamuka, anafunika mabega na kikwembe, anaanza kutembea katika maktaba kubwa za dunia. Alituonyesha mbili zenye anapenda: Internet Archive ya Marekani, na Gallica, yenye ni ya maktaba ya taifa ya Ufaransa. Vitabu vya zamani sana haviko tena na mwenye haki ya kulipwa, kwa hiyo mutu yeyote anavisoma bure.

Kila kitu chenye anavumbua anakiandika ku kaye. Ako na kaye tisa sasa. Tukamuomba atusomee kidogo.

Ya kwanza ilituchekesha. Katika vita ya 1914-1918, Wadachi walikuwa na meli zao ku ziwa, na Wabeleji wa ngambo yetu hawakukuwa na za kupigana nazo. Waingereza wakatuma mashua mbili ndogo kutoka kwao: zikapita ku bahari mupaka Afrika ya Kusini, kisha ku treni, kisha zikavutwa katika pori na milima, kisha muto, kisha treni tena, mupaka zikafika hapa Lukuga. Mukubwa wa safari ile, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, sawa namna watoto wa Ufaransa wanaita paka na mbwa, na wakubwa wakakubali! Tarehe 26 Desemba 1915 mashua zile zilikamata meli ya Wadachi yenye kuitwa Kingani, wakaibatiza Fifi. Watu wa pwani walikuwa wanakuja kumuangalia Spicer-Simson, kwa sababu alipenda kuvaa sketi, na mwili wake ulijaa chale za picha.

«Vijana wetu wanafikiri hapa hakujapita kitu,» muzee akasema. «Ninawaambia: mulango wa nyumba yenu umepitiwa na dunia nzima.»

Ya pili ni ya meli Götzen, yenye Wadachi waliijenga Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaileta mupaka Kigoma na kuiunganisha tena. Mwaka wa 1916 waliizamisha wao wenyewe kusudi adui asiikamate. Waingereza wakaiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikarudia ku kazi na jina la Liemba. Baba zetu walipanda meli ile na vikapu vyao vya samaki, wala hawakujua kama ilikuwa meli ya vita.

Ya tatu: mwaka wa 1965, Che Guevara alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma, akafika ngambo ya Fizi. Wale Wakuba walijipa majina ya namba za Kiswahili. Mukubwa wa kwanza akaitwa Moja, wa pili Mbili, na Che mwenyewe akachukua Tatu. Muzee akacheka: «Mutu mwenye dunia nzima ilimutafuta alijificha ndani ya namba yenye mutoto wa mwaka wa kwanza anahesabu!»

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Tukamuuliza: katika mambo yote yenye umevumbua, ni gani lilisaidia mutu? Hapo akaacha kucheka. Akafunga mulango kidogo, akachukua kaye ya sita.

Wasomaji wetu wanajua kama tangu mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa 2019, ziwa Tanganyika limepanda. Kalemie, Uvira, mupaka Bujumbura, nyumba zimeingia katika maji. Watu wenye walijenga mbali na pwani waliamuka siku moja wakakuta mawimbi ku kizingiti. Na wakati maji yanapanda bila kushuka, watu wanaanza kutafuta mwenye kuyaita.

Katika avenue moja ya pwani, watu walimupata. Ni muvuvi wa zamani, muzee mwenye anaishi peke yake, mwenye hapendi maneno mingi. Jina lake hatulitaji. Nyumba yake iko karibu sana na ziwa, lakini imejengwa juu ya jiwe, na maji hayakuiingia, wakati ya majirani yalikuwa yanaanguka moja kwa moja. Hilo likatosha. Ujumbe wa sauti ukaanza kupita katika matelefone: banasema eko na nyoka mu maji, banasema anasema na ziwa usiku. Vijana wakaanza kumutupia mawe ku mabati. Mangaribi moja wakamuambia wazi: siku ya yenga ikipita na maji haiyashuka, watachoma nyumba yake, yeye akiwa ndani.

«Mimi ninamujua,» mulinzi wa vitabu akatuambia. «Nilifundisha watoto wake. Nikasema, nikienda kuwaambia ‘hapana, ule si mulozi,’ watasema hata mimi niko mulozi. Maneno matupu haiwezi. Ninatafuta kwanza.»

Akatafuta siku tatu usiku. Akamaliza mega zote za mwezi. Na haya ndiyo yenye aliona.

Mwaka wa 1874, Muingereza mumoja, Cameron, alifika ku mulango wa muto Lukuga, hapa hapa. Akaandika kama ziwa linatokea pale, lakini majani yenye kuelea yalifunga njia, hakuweza kwenda mbali. Mwaka wa 1876 Stanley akapita. Yeye akaona muto umefungwa na matope na majani, na ziwa linapanda. Alikumbuka Ujiji ya 1871, wakati alikutana na Livingstone, na sasa maji yalikuwa yamekula pwani ile. Akaandika kama siku moja ziwa litajaa na kujifungulia njia. Mwaka wa 1879 Hore, mwanamaji wa misioni ya London, akafika: Lukuga ilikuwa wazi, maji yanakimbia kwa nguvu kwenda Lualaba. Ziwa lilikuwa limepasua kizibo. Kisha likashuka metre karibu 10, katika miaka isiyofika 20.

Muzee akatuchorea ku karatasi. Ziwa lina urefu wa kilometre karibu 670 na inchi ine zinalizunguka: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mito inaingia mingi, Ruzizi, Malagarasi na mingine midogo. Lakini kwa kutoka, muto ni mumoja tu, Lukuga. Maji mengine yote, na ndiyo mengi zaidi, yanakunywewa na jua. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka mingi na Lukuga ikijaa matope, maji yatakwenda wapi? Yatapanda. Hakuna mutu wa kuyaita.

Siku ya yenga, kisha misa, shefu wa avenue aliita kikao chini ya muembe. Watu walikuwa wengi na wamekasirika. Muzee wa vitabu akasimama na kaye yake, akasoma kwa Kiswahili, polepole, mwaka kwa mwaka. Kijana mumoja akamukata:

«Papa, ile ni vitabu ya bazungu. Bazungu banajua nini ya ziwa yetu?»

Muzee anasema alikuwa anangojea swali hilo. Akajibu:

«Mutoto yangu, swali yako ni ya muzuri. Sikia. Ule Cameron hakuvumbua kitu. Chefu wa hapa njo alimwambia muto inatoka mu ziwa inaenda mupaka Lualaba. Bankambo yetu balijua. Muzungu aliandika tu. Sisi njo tulisahau.»

Kikao kikanyamaza. Kisha mama mumoja muzee sana, mwenye alikuwa amekaa ku kitenge chini, akainua mukono. Akasema alikuwa musichana mudogo wakati wa miaka ya kwanza ya uhuru. Maji yaliingia vilevile. Mama yake alimubeba ku mugongo, wakahamia ku kilima, wakakaa kule mupaka yakarudia. Watu wakamuuliza: «Na ile wakati, nani aliita maji?» Bibi akashangaa. «Nani? Ni mvua. Mvua ilinyesha sana.»

Ni kweli. Mwanzo wa miaka ya 1960 mvua zilikuwa nyingi sana katika sehemu hii yote ya Afrika, na maziwa mengi yalipanda pamoja, hata Victoria. Muzee alikuwa na hilo vilevile ndani ya kaye, lakini anasema hakulisoma. Bibi alikuwa amekwisha kulisema vizuri kuliko yeye.

Nyumba haikuchomwa. Tunapenda kusema kama watu walikwenda kumuomba muvuvi musamaha, lakini haikukuwa hivyo. Wengine wanamusalimu sasa. Wengine wanageuza bado uso. Kijana mwenye aliuliza swali alikwenda, bila kuambiwa na mutu, akatengeneza mabati yenye yalitobolewa na mawe.

Mvua ilipokatika, muzee alitupeleka ku pwani. Kule kuko bomba la chuma lenye limesimamishwa ndani ya maji, limepakwa rangi nyeupe na nyekundu kila centimetre 10. Yeye na wale vijana walilisimamisha kisha kikao. Kila siku ya yenga, kijana mumoja anasoma namba, mwingine anaiandika ku kaye ya kumi. Na mwenye kusoma namba wa kwanza alikuwa ule muvuvi, kwa sababu mulinzi wa vitabu alimuomba hivyo, mbele ya watu wote.

Tukamuuliza faida ya namba zile ni nini, kwani hazitashusha maji. Akajibu: «Mutu mwenye nyumba anataka kujua kama ajenge tena ao ahame. Mukimupa uvumi, atajenga juu ya uvumi. Namba moja kila juma ni kidogo. Lakini mwaka ukipita, ataona mwenyewe ziwa linaenda wapi. Na leta ikija siku moja kuchimba matope ya Lukuga, itakuta tuko na kitu cha kuonyesha.»

Na bei ya ndakala? Mama mumoja wa pwani alitupa jibu wakati tunaondoka, bila hata kuulizwa. Alitunyooshea kidole ndani ya ziwa, metre nyingi kutoka fasi tulisimama. «Munaona pale pawimbi? Njo fasi tulikuwa tunakaushia samaki. Sasa tunakaushia ku barabara, ku mabati, ku mulango ya nyumba. Nusu inaoza. Ile inabakia, tunauza bei.»

Mama wa sabuni vilevile tulikutana naye ku njia. Alikuwa na karatasi yenye hesabu ya soda, maandishi ya muzee. Akatuambia muchemsho mupya hauchomi tena.

Maktaba inafunguliwa siku ya kwanza mupaka siku ya posho, tangu asubui mupaka giza linaingia. Muzee anaomba kitu kimoja kwa wasomaji wa gazeti hili wenye walizaliwa ao kukaa Kalemie: kama muko na picha ya zamani yenye inaonyesha pwani, hata ya ndoa, hata yenye imekatika, mumutumie ao mumupelekee. Anataka kuona maji yalikuwa wapi.

Viatu mutaviacha inje.