Mnyama Aachiwe Njia Yake

Watu waendao kupiga kambi au kutembea kwa miguu katika sehemu za Nakuru na Naivasha huuliza kwanza kama kuna simba. Swali hilo si baya, lakini hatari ya kila siku mara nyingi hutoka kwa wanyama walao nyasi, nao ni kiboko na nyati. Hawa hawamwindi mtu. Humdhuru waonapo kwamba amewazibia njia au amewashtua ghafla. Basi kanuni kubwa ni moja: mnyama aachiwe njia yake.

Ngozi ya kiboko haivumilii jua kali. Kwa sababu hiyo hushinda majini mchana kutwa, na jua likichwa hutoka kwenda malishoni, akarudi kabla ya mapambazuko. Uzito wake huweza kupita kilo 1,500, lakini katika nchi kavu humshinda mtu kwa mbio. Akishtuka hukimbilia majini, na ole wake aliyesimama katikati! Kwa hiyo hema lisisimamishwe ukingoni mwa Ziwa Naivasha, wala juu ya njia za viboko, ambazo hutambulikana kwa nyayo, nyasi zilizolazwa na mavi yaliyotawanyika. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2020 maji ya ziwa hilo yalipanda sana, yakafunika mashamba na nyumba za kando. Ukingo ukihama, na njia za viboko huhama. Mgeni asitegemee mazoea ya zamani, bali awaulize wavuvi na wenyeji. Kambi nyingine zina uzio wa umeme. Usiku uzio huo usivukwe, hata kwa ajili ya kupiga picha.

Katika hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, na katika Mlima Longonot, wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu. Nyati wako huko. Wa kuogopwa zaidi ni dume mzee aliyejitenga na kundi, kwa kuwa hupenda kulala kichakani asionekane. Yafaa watu waende pamoja wakizungumza, ili mnyama awasikie mapema na kuondoka. Wakimwona mbele yao, wasimame, kisha warudi nyuma polepole bila kumpigia kelele wala kumtupia mawe. Akija kwa hasira, baiskeli na mizigo viachwe, na kila mtu apande mti au ajifiche nyuma ya mwamba mkubwa.

Hifadhi ya Ziwa Nakuru ina simba, vifaru na nyati. Huko mtu asishuke garini ila mahali paliporuhusiwa. Tena asiwape nyani chakula. Nyani aliyezoea mkate wa mgeni wa leo atampokonya mgeni wa kesho kwa nguvu, na kumwuma. Vyakula visiwekwe hemani, bali vifungiwe garini, na mabaki yasitupwe ovyo.

Mwisho, watoto wasiachwe kwenda peke yao gizani, hata kama ni hatua chache tu, kwa maana chui naye hutembea usiku. Atokaye hemani achukue tochi, aangaze pande zote kabla ya kupiga hatua, na akiona mnyama arudi ndani angoje apite. Kungoja huko ni kwa muda mfupi tu, lakini kumewaokoa wengi.