Pumu ya Ngozi kwa Watoto

Kati ya magonjwa sugu ya ngozi yanayohusiana na mzio, pumu ya ngozi ndiyo inayowasumbua watoto wengi zaidi. Wagonjwa wengi huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 5, wengine wakiwa bado wananyonya. Kwa kawaida mashavu ndiyo hutangulia kukauka na kuchubuka. Mtoto anapokua, muwasho huhamia shingoni, nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko.

Ukubwa wa tatizo hutofautiana mno baina ya nchi. Utafiti wa kimataifa wa ISAAC, ulioanza mwaka 1991, ulitumia maswali yale yale kila mahali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, mwandishi wake wa kwanza akiwa Joseph Odhiambo wa Kenya, yalionyesha kwamba kwa watoto wa miaka 6 hadi 7 kiwango kilianzia asilimia 0.9 nchini India na kufika asilimia 22.5 nchini Ekuado. Tofauti kubwa kiasi hicho haielezwi na urithi peke yake. Mazingira nayo yana sehemu yake.

Chanzo ni ngozi isiyoshika maji vizuri pamoja na kinga ya mwili inayochachamaa. Mwaka 2006 wanasayansi waligundua kuwa hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini huongeza sana hatari ya ugonjwa huu. Hitilafu hizo zimeenea Ulaya, lakini ni nadra kwa Waafrika, ambao hata hivyo huugua vilevile.

Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa hupotea machoni kirahisi. Vitabu vingi huelezea wekundu, ilhali kwa mtoto wa Kiafrika mabaka huwa ya kijivu, ya zambarau au meusi kuliko ngozi iliyoyazunguka, na mara nyingi huambatana na vipele vidogo kwenye vinyweleo. Mahali panapokunwa kila siku ngozi huwa nene na ngumu. Ndiyo maana mtoto hudhaniwa ana fangasi au upele, akapewa dawa isiyomfaa. Krimu kali za steroidi zinazonunuliwa dukani bila ushauri ni hatari zaidi: hutuliza kwa muda, kisha huikondesha ngozi.

Mzio wa kugusa ni jambo jingine. Katika pwani ya Afrika Mashariki, piko inayopakwa watoto siku za harusi na Idi huwa na kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kutoa malengelenge, na mzio huo ukishaingia hudumu maisha yote. Hina asilia, isiyochanganywa na kitu, ni salama zaidi.

Msingi wa tiba ya pumu ya ngozi ni mafuta mazito ya mgando, yapakwe mara tu baada ya kuoga, na krimu ya steroidi kwa maelekezo ya daktari ugonjwa unapopamba moto. Watoto wengi hupata nafuu kubwa kadiri wanavyokua. Ugonjwa huu hauambukizi, hivyo hakuna sababu ya kumtenga mtoto na wenzake darasani wala kitandani.