Kansa ya Mapafu Inapojificha Kidoleni

Wengi wetu tunajua kwamba kansa ya mapafu huleta kikohozi kisichokwisha, makohozi yenye damu, pumzi kubana na mwili kukonda. Lakini ugonjwa huu hauanzi kuonekana kifuani kila mara. Chembe za kansa hutoka katika pafu, huchukuliwa na damu na kutua kwingine. Mara nyingi hutua katika ubongo, mifupa ya mgongo na mbavu, ini, na tezi zilizo juu ya figo. Mara chache hutua mahali pasipotazamiwa: ncha ya kidole, ufizi, ngozi ya kichwa, msuli au utumbo mdogo.

Hapo ndipo mgonjwa hupoteza wakati. Kidole kikivimba hupasuliwa kama chenye usaha. Ufizi ukivimba, jino hung'olewa. Uvimbe wa kichwani huitwa jipu. Hatusemi kila uvimbe ni kansa. Mwingi si kansa. Tunasema kwamba uvimbe usiopona kwa dawa, wiki baada ya wiki, kwa mtu aliyefanya kazi ya vumbi au aliyevuta sigara miaka mingi, unataka picha ya kifua, na kipande chake kipelekwe maabara. Hapa Uganda, Taasisi ya Kansa ipo Mulago, Kampala, tangu mwaka 1967.

Daktari atajuaje kazi yako usipomwambia? Vumbi la asbesto, vumbi la mawe lenye silika na moshi wa dizeli, yote yamethibitishwa kuleta kansa ya mapafu. Ya asbesto huweza kutokea baada ya miaka 20 au zaidi, wakati mzee amekwisha kustaafu na yuko kijijini analima. Hakuna anayekumbuka tena kwamba alikuwa mgodini au alikuwa akikata mabati ya asbesto.

Jambo hili linahusu fidia pia. Kansa huitwa kwa jina la mahali ilipoanzia. Iliyotoka katika pafu ikaingia kidoleni ni kansa ya mapafu, na hutibiwa hivyo. Cheti kikiandikwa "kansa ya mfupa" peke yake, mwajiri atauliza: vumbi langu linahusiana nini na mfupa? Mjane atarudi nyumbani mikono mitupu.

Mkataba namba 139 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unataka wafanyakazi waliokaribiana na vitu vya kuleta kansa wapimwe wakiwa kazini, na hata baada ya kuacha kazi inapohitajika. Tuudai upimaji huo katika kila mazungumzo na waajiri.

Kwa hiyo kila tawi liweke daftari: jina la mfanyakazi, idara yake, miaka yake na vumbi alilovuta. Anayestaafu apewe nakala, aitunze pamoja na kadi yake ya chama, na aende nayo kila aendapo hospitali.