Sauti inayokusuta moyoni: jifunze kukaa nayo

JE, umewahi kulala macho usiku wa manane huku ukijisomea mashtaka? Tuseme wewe ni mfanyabiashara wa omena hapa Kisumu. Ulichukua mkopo wa chama, ukanunua omena wabichi kule Dunga, ukawaanika juani. Mchana mvua ya Novemba ikashuka bila kubisha hodi. Omena wakaoza, mtaji ukaenda. Sasa watoto wamelala na redio imezimwa, lakini kuna anayezungumza: "Si nilikuambia? Biashara huiwezi. Wenzako waliona mawingu, wewe ulikuwa wapi? Kila unachokigusa huharibika."

Msemaji huyo ni wewe mwenyewe. Kwa Kiswahili tunasema kwamba nafsi inamsuta mtu. Lakini watu wa pwani wanapokwenda kumsuta mtu huenda na mashahidi, wakaeleza alisema nini na wapi. Nafsi huja peke yake, gizani, mikono mitupu. Haisemi, "Leo ulichelewa kuanua omena." Husema, "Wewe ni mjinga," kana kwamba ulizaliwa hivyo na utazikwa hivyo.

Kujisuta kidogo hakudhuru. Asiyejisuta kamwe huwa taabu kwa majirani zake, na bila shaka unamjua mmoja. Kwa hivyo usipoteze nguvu kutaka kuinyamazisha sauti hiyo kabisa. Ukijikaza usiisikie, hurudi kwa kishindo. Afadhali uihoji.

Katika miaka ya 1960, daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, aligundua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nyingi walipitiwa na mawazo mafupi ya kujilaumu, wakayaamini bila kuyachunguza. Aliwafundisha kuyauliza maswali. Ushahidi uko wapi? Je, kuna maelezo mengine? Ungemwambia rafiki yako maneno hayo? Basi rudi kwenye omena wako. Mvua ile iliwanyeshea wangapi? Mwezi uliopita hukuuza ukalipa karo? Mwisho wa mahojiano, huenda lawama itakayosalia ni moja tu, kwamba hukuwa na turubai. Hiyo ina dawa sokoni Kibuye.

Lakini kuna nyakati ambapo mtu hawezi kujihoji peke yake, na ushahidi mzuri kuhusu jambo hili ulipatikana kusini-magharibi mwa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Watafiti wakiongozwa na Paul Bolton waliwauliza wanavijiji wa Masaka na Rakai jinsi wanavyoita huzuni inayomlemea mtu. Walipewa maneno mawili ya Kiganda: okwekubazida, yaani kujihurumia, na yo'kwekyawa, yaani kujichukia. Hakuna daktari aliyekuwa amewafundisha. Ukimwi ulikuwa umepita kila boma, na watu walijua walichokiona.

Mwaka wa 2002 vikundi viliundwa, wanaume kivyao na wanawake kivyao. Walikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari bali wenyeji waliopewa mafunzo. Kila mtu alieleza yaliyomsibu, na wenzake wakamsaidia kutafuta la kufanya. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliokuwa na dalili kamili za ugonjwa wa huzuni walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji visivyokuwa navyo walipungua pia, lakini kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu. Hapa Kisumu, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba mazungumzo ya aina hiyo, ya mtu na mshauri asiye daktari, yaliwapunguzia huzuni wanawake wenye virusi vya Ukimwi waliokuwa wametendewa ukatili.

Hivyo usiende kwenye chama kupeleka pesa tu. Mwambie mmoja unayemwamini kile ambacho sauti inakuambia usiku. Maneno yaliyokuwa mlima kitandani huweza kuonekana madogo yakitamkwa mchana mbele ya mtu mwingine.

Wajaluo nao wana jambo ambalo, kwa maoni yangu, hatulithamini vya kutosha. Wasiwasi wanauita parruok. Badili herufi moja upate pakruok, ile desturi ya mtu kulipa pesa kwenye ngoma ya nyatiti au ohangla, muziki ukasimama, akajisifu yeye, ukoo wake na marafiki zake kwa majina ya fahari. Ni mzaha, na chumvi hutiwa tele. Hata hivyo, anayejisifu hivyo hujitazama kwa mbali kidogo, kama mtu mwingine. Mwaka wa 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha kwamba watu waliojisemesha kwa kutumia majina yao wenyewe, badala ya "mimi", walipungukiwa na aibu na wasiwasi baada ya kuzungumza hadharani. Ukiamka usiku, jiite kwa jina lako, kisha ujiulize kama shangazi mpole angekuuliza.

Kuna wakati mambo haya hayatoshi. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, hupendi chochote, au sauti inakuambia heri ufe, nenda hospitalini leo, na usiende peke yako. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado wanaiita Russia, ina kitengo cha magonjwa ya akili. Usiogope polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Ukifika, huhitaji maneno ya kitaalamu. Mwambie muuguzi kile sauti inachokuambia, kwa Kijaluo au kwa Kiswahili, vile vile inavyokisema.